Gari lilipita MOT, sasa mke wangu amegoma kulipanda

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa za usiku, usingizi umeniruka. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa tisa nipo Leicester na mke wangu na watoto watatu. Gari letu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2009. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyetuuzia mwaka 2023 kwa bei ya kindugu. Halikuwahi kutusumbua. Kila Machi nalipeleka MOT, ule ukaguzi wa lazima wa usalama wa magari huku Uingereza, kila Machi linapita, naitia karatasi kwenye dashibodi na habari inaishia hapo mpaka Machi nyingine.

Mwezi wa tisa mke wangu alikuwa anatoka zamu ya usiku. Anafanya kazi ya kutunza wazee nje kidogo ya mji. Ilikuwa alfajiri, barabara tupu, manyunyu yanaanguka. Alipofika raundabauti akakanyaga breki, na anasema mguu ulizama kama amekanyaga mkate uliolowa chai. Pedali ikashuka karibu ifike chini. Gari likapunguza mwendo lakini halikusimama. Likavuka mstari, likapanda ukingo, likaishia kwenye majani katikati ya raundabauti. Hakuumia yeye wala mtu mwingine, alhamdulillahi. Fundi aliyekuja kulivuta aliinama na tochi akasema paipu ya breki ya nyuma imeliwa na kutu ikapasuka, mafuta yote yamemwagika.

Paipu zote mbili za nyuma nimeshabadilisha na breki zinashika. Lakini mke wangu haliingii tena gari lile. Anapanda mabasi mawili kwenda kazini, anaondoka saa nzima kabla. Anasema nilijua. Anasema nina rafiki gereji ananipitishia gari, jambo ambalo wallahi si kweli, namlipa mtu pesa zake kama mteja mwingine yeyote. Nikimwambia, "Lakini mama, gari lilipita," ndiyo kwanza ananuna zaidi. Shemeji anasema hiyo ni ajali kama ajali nyingine, gari la 2009 bado kijana, nyumbani watu wanaendesha magari ya miaka 30. Mjomba wangu wa Kisauni anasema nishitaki gereji, nitalipwa.

Shangazi, nataka kujua: gari la umri huu lipimwe mara ngapi? Mara moja kwa mwaka haitoshi? Na kama haitoshi, kwa nini sheria inasema mwaka? Gereji ina kosa? Na nifanye nini mke wangu arudi garini? Nimekupigia picha karatasi ya MOT ya Machi. Chini kuna mambo yameandikwa ambayo sikuyaelewa vizuri.

Aliyenuniwa, Leicester

Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu. Pole, na pole nyingi zaidi nampa mkeo, maana wewe uliruka usingizi na yeye aliruka raundabauti.

Niseme kwanza kwa nini nathubutu kujibu hili. Marehemu mume wangu alikuwa fundi, na kwa miaka 11 mimi ndiye niliyekaa kaunta ya gereji yetu hapa hapa Uingereza, na MOT tulikuwa tunapima. Spana sijawahi kushika. Lakini karatasi zile nimezichapa hata sina hesabu, na nimewatazama watu wakizipokea. Wote wanafanya ulivyofanya wewe. Macho yanakimbilia neno moja tu, limepita au limeanguka. Wakiona limepita, karatasi inakunjwa mara mbili na mtu anauliza anadaiwa kiasi gani. Yaliyo chini hakuna anayeyasoma.

Yako nimeyasoma. Mpimaji wa Machi ameandika mambo mawili ya ushauri. La kwanza, paipu za breki za nyuma zina kutu na zimefunikwa grisi. La pili, matairi yote mawili ya nyuma yamekaribia kiwango cha mwisho cha kisheria. Kwa hiyo mkeo anaposema ulijua, amekosea kidogo tu. Hukujua, ila uliambiwa, na kwa maandishi.

Ngazi zenyewe zinachanganya hata waliozaliwa huku. Tangu tarehe 20 Mei 2018 kasoro za MOT ni za aina tatu: ya hatari, kubwa, na ndogo. Ikiwa ya hatari, gari limeanguka na huruhusiwi kuliendesha hata kurudi nalo nyumbani mpaka litengenezwe. Ikiwa kubwa, limeanguka pia. Ikiwa ndogo linapita, nawe unatakiwa uishughulikie upesi. Ushauri unakaa chini ya hizo zote: ni kitu ambacho siku ile bado kinafaa, ila mpimaji ameona kinakoelekea. Mume wangu alikuwa na msemo wake gereji, kwamba ushauri wa Machi ndio kasoro ya Septemba. Alikuwa akiusema kwa kutania, na wateja walikuwa wakicheka.

Hebu nikuonyeshe hiyo paipu, kwa sababu ndiyo kisa chote. Ni kijibomba cha chuma, chembamba kuliko penseli, kinachopita chini ya gari kutoka mbele mpaka magurudumu ya nyuma. Ndani yake yamo mafuta ya breki, na ukikanyaga pedali yanasukumwa kwa nguvu kubwa sana. Sasa kila baridi halmashauri za huku zinamwaga chumvi barabarani ili barafu isishike. Chumvi ile inarushwa na matairi, inaganda chini ya gari, inakaa kwenye vile vibanio vinavyoishika paipu, na hapo ndipo kutu inapoanza. Wewe ni mtu wa pwani, mabati ya nyumba za karibu na bahari unayafahamu yanavyokwenda. Hii ni habari ile ile, ila hii huioni kwa sababu hulali chini ya gari.

Halafu kuna mtu aliyepaka grisi. Simjui ni nani. Huenda alikusudia mema, maana grisi inachelewesha kutu. Lakini inaificha pia. Na MOT hufanywa bila kufungua wala kung'oa kitu: magurudumu hayatolewi, mifuniko ya plastiki haitolewi, zulia haliinuliwi. Mpimaji anaangalia kinachoonekana kwa tochi na kuandika anachoweza kukiapia. Kilichomo chini ya grisi hawezi kukiapia. Akiandika "imefunikwa grisi" anakwambia kwa lugha ya adabu: hapa sijaona, mwenyewe kaangalie.

Engine, klachi na giaboksi usiziweke kabisa katika hesabu, hazimo. Nimewahi kupigiwa makelele na bwana mmoja aliyeharibikiwa na klachi wiki moja baada ya kupita. Tulimpa chai.

Mshukuru Mungu pia kwa jinsi breki za magari haya zilivyopangwa. Zimegawanywa njia mbili zisizochanganyika. Njia moja ikipasuka, pedali inazama na mtu anadhani hana breki kabisa, kumbe ile nyingine bado inashika nusu. Ndiyo maana gari lilipunguza mwendo. Mkeo hakuacha kukanyaga, na kwa kutoacha kukanyaga alifanya sawasawa. Mwambie hivyo. Nadhani hujamwambia.

Sasa swali lako la mara ngapi. England, Scotland na Wales, gari binafsi linapimwa mara ya kwanza likitimiza miaka 3, kisha kila mwaka. Ireland ya Kaskazini wanaanza mwaka wa 4, na huko linapimwa kwenye vituo vya serikali, si gereji za watu binafsi. Teksi na ambulensi hazingoji hata hiyo mitatu, mwaka 1 tu zinaanza kupimwa.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1960, waziri wa uchukuzi akiwa Ernest Marples, walianza na magari yaliyozidi miaka 10 peke yake, na wakapima breki, taa na usukani. Yaliyoanguka yakawa mengi mno hata mwaka uliofuata wakashusha umri mpaka miaka 7, na 1967 ukafika 3. Tangu hapo kila baada ya muda serikali inafikiria kuusogeza uwe 4, watu wanapiga kelele, inaachana nao. Ilifanya hivyo Januari 2018, na 2023 ikauliza wananchi tena. Bado ni 3.

Lakini ona walichobishania miaka yote hiyo: lini pa kuanzia. Baada ya hapo hesabu haibadiliki. Gari la miaka 4 linapimwa mara moja kwa mwaka, la miaka 24 mara moja kwa mwaka. Na likifika 40 bila kubadilishwa sana, sheria inalisamehe kabisa! Hayo wanayamiliki wazee wanaoyapangusa kwa kitambaa kila Jumapili, kwa hiyo sina neno nao. Wewe lako ni la miaka 16, na linakwenda kazini usiku kwenye mvua.

Wengine wamehesabu tofauti. Uholanzi gari jipya la petroli linaachwa miaka 4, halafu kila miaka 2, na likifika 8 linakuwa la kila mwaka. Kadiri linavyozeeka wanalifuata karibu zaidi. New Zealand walipobadilisha utaratibu wao mwaka 2014, magari yaliyosajiliwa kuanzia 2000 yaliwekwa kila mwaka, na yale ya kabla ya hapo yakabaki kila miezi 6. Aprili 2025 Tume ya Ulaya nayo ilipendekeza nchi zake zote zipime kila mwaka magari yaliyozidi miaka 10. Na wapo wanaokwenda kinyume: Texas, tangu Januari 2025, magari binafsi hayakaguliwi tena usalama. Ndugu zetu wa Houston wajiangalie wenyewe.

Hoja ya shemeji yako kwamba gari la 2009 ni kijana imenichekesha. Hebu twende huko yanakotoka. Japani gari jipya linapimwa likitimiza miaka 3, kisha kila miaka 2, yaani mwaka wa 3, wa 5, wa 7. Kipimo chao, shaken, ni cha pesa nyingi, na wenye magari wengi wanaona afadhali kuuza kuliko kukilipia tena na tena. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Unganisha mambo hayo mawili utaona kwa nini magari mengi "mapya" yanayotoka bandarini Mombasa yana miaka 7. Kwa hiyo gari tunalolipigia vigelegele nyumbani, Mjapani ameshaliaga. Na yale ya miaka 30 anayoyataja shemeji yapo, tena nimepanda, lakini muulize mwenye nalo huwa analala chini yake mara ngapi kwa mwezi.

Jibu langu basi ni hili. Sheria inadai mara moja kwa mwaka na utaitimiza. Gari lako linadai mara mbili. Machi lifanyie MOT kama kawaida, na Septemba, kabla ya baridi na chumvi yake, lipeleke likapandishwe lifti. Usiombe MOT nyingine. Ukifanya MOT Septemba utajisogezea tarehe, na likiandikwa kasoro ya hatari umekwama nalo hapo hapo hata kama cheti cha Machi hakijaisha. Wewe omba ukaguzi tu, lipa kazi ya nusu saa au saa, na usibaki kaunta ukitazama simu. Mwombe fundi ruhusa ukasimame naye chini ya gari. Akuonyeshe paipu za breki kwa tochi, za mbele pia kwa sababu umebadilisha za nyuma peke yake. Akuonyeshe springi, maana kutu inazivunja, na bushi na bolijointi za mbele. Muulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Watengenezaji wengi wanataka kila miaka 2, kwa kuwa yanavuta unyevunyevu hewani, na maji yakiingia mle paipu zinaanza kuliwa kutoka ndani. Naweka dau lako hayajawahi kubadilishwa tangu ulinunue.

Na kitu kimoja zaidi. Sheria inahesabu miezi, haihesabu maili. Gari la bibi anayekwenda nalo kanisani na gari la mkeo anayekwenda zamu tano kwa wiki yanapewa mwaka mmoja sawasawa.

Ukiona pesa inauma, kumbuka MOT ya gari dogo haivuki pauni 54.85, hicho ndicho kiwango cha juu kabisa gereji inachoruhusiwa kukutoza. Kuendesha bila MOT ni faini ya mpaka pauni 1,000, na kuendesha gari lenye hali ya hatari ni mpaka 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, cheti unacho au huna. Hilo la mwisho ndilo wengi hawalijui. Cheti hakikukingi.

Tarehe nayo usiingoje mpaka ikukabe koo. Unaweza kupima mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya kwisha na ukabaki na tarehe yako ile ile. Kama chako kinaisha tarehe 20 Machi, kuanzia 21 Februari una ruhusa.

Mjomba wa Kisauni msalimie sana, lakini kesi hana. Ukiona gari limepitishwa na halikustahili, mamlaka inayosimamia MOT inapokea malalamiko ndani ya siku 28, na kama jambo lenyewe ni kutu, ndani ya miezi 3. Wewe ulipima Machi, likakufa Septemba. Na hata ungewahi, ungekwenda kusema nini? Mtu alikuandikia. Paipu ile huenda Machi ilikuwa bado nzima ndani ya ile grisi na ikamalizika kiangazi. MOT inasema gari lilikuwa hivi saa ile lilipokuwa juu ya lifti. Likishuka, habari inabaki kwako.

Nimefika sehemu ambayo nimeifikiria siku mbili kama niiandike. Nambari ya gari imeonekana kwenye picha yako. Kwa nambari hiyo mtu yeyote anaweza kuangalia bure, kwenye tovuti ya serikali, MOT zote za gari tangu 2005: tarehe, maili, lilipoanguka na ushauri wote. Nikaangalia. Mwaka 2024, ukiwa nalo wewe: paipu za breki za nyuma zina kutu, zimefunikwa grisi. 2023: paipu za breki za nyuma zina kutu. 2022, likiwa bado kwa shemeji: paipu za breki za nyuma zina kutu kidogo. Miaka minne neno ni lile lile, linanenepa tu.

Sikuchochei. Shemeji huenda naye alikunja karatasi yake mara mbili kama wewe. Lakini mkeo amekubebesha mzigo wote peke yako, na sehemu yake ilianza kwa kaka yake. Usiende na hilo kwa hasira, wala usilitumie kama rungu. Keti naye, mfungulie ukurasa ule kwenye simu, mpe aisome mwenyewe kutoka 2022 kushuka chini. Ukimaliza sema, "Mimi nilipewa mara mbili, sikusoma hata moja." Anza na lako. La kaka yake ataliona bila wewe kulitaja, na namna atakavyompigia simu ni ya kwao wawili.

Kuhusu rafiki yako wa gereji ambaye si rafiki: kuapa hakutasaidia. Yapo baadhi ya maeneo ambayo halmashauri ina kituo chake cha MOT cha magari yake, na raia wanaruhusiwa kupeleka yao. Vituo vile vinapima tu, kutengeneza hawatengenezi, kwa hiyo hawana faida yoyote lipite au lianguke. Tafuta kilicho karibu nanyi kwa MOT ya Machi. Na ukaguzi huu wa sasa, mwache mkeo achague gereji yeye. Aende yeye, asimame yeye chini ya lifti, aoneshwe paipu mpya yeye. Wewe kaa na watoto. Mtu aliyezamiwa na pedali haamini maneno ya aliyekuwa kitandani saa ile.

Akiangalia na bado hataki, msiendelee kulazimishana. Uzeni. Gari la miaka 16 lenye paipu mpya na historia ya wazi litapata mtu, nanyi mtamwonyesha ukurasa ule ule kabla hajatoa pesa.

Ile "lakini gari lilipita" iache kabisa. Isitoke tena mdomoni.

Na umenieleza habari ya paipu, umenieleza habari ya mabasi mawili, lakini matairi ya nyuma hukuyataja hata kwa neno moja. Ushauri wa pili ule, mwanangu. Machi yalikuwa yamekaribia, na tangu Machi gari limetembea. Kiwango ni milimita 1.6. Chukua sarafu ya pensi 20, isimamishe ndani ya mfereji wa tairi. Ukiuona ule ukingo wake wa nje, tairi haina tena maisha. Fanya leo, yote mawili, kabla hajatoka kazini.